Kutayarisha machapisho ya kidijitali ya kanisa kwa hifadhi ya maktaba: mwongozo kwa Kindu na Maniema



Siku hizi karibu kila neno ambalo makanisa yetu ya Kindu yanaandika huanzia kwenye simu au kompyuta. Barua ya kichungaji ya Kwaresima, maazimio ya sinodi, masomo ya Shule ya Jumapili, historia fupi ya parokia inayotimiza miaka hamsini, nyimbo mpya za kwaya: vyote huandikwa kidijitali, hutumwa kwa WhatsApp, husomwa, na baada ya muda havipatikani tena. Karatasi ilikuwa na maadui wake, mchwa na mvua. Faili lina maadui wengine: simu inayoibwa, kompyuta inayoungua, nywila iliyosahaulika, programu isiyofunguka tena.

Makala hii inaeleza jinsi ya kutayarisha chapisho la kidijitali ili maktaba iweze kulipokea na kulitunza kwa miaka mingi. Tumeiandika kwa ajili ya makatibu, wachungaji, wahariri wa majarida ya parokia, viongozi wa wamama na vijana, na wote wenye kushika kalamu ya kanisa. Kazi hii haihitaji mtaalamu. Inahitaji mtu mwaminifu, kompyuta moja, na utaratibu usiobadilika kila mwaka.

Maana ya kuhifadhi

Tuanze kwa kutofautisha mambo matatu ambayo huchanganywa mara nyingi.

Kusambaza ni kumfikishia msomaji chapisho leo. Kundi la WhatsApp na ukurasa wa Facebook hufanya kazi hiyo vizuri. Kunakili ni kuwa na faili lile lile mahali pengine, kwa mfano kwenye flashi, ili likipotea hapa lipatikane kule. Kuhifadhi ni kuhakikisha kwamba mtu ambaye hatumjui, baada ya miaka thelathini au mia, ataweza kulipata chapisho, kulifungua, kulisoma, kujua nani aliliandika na lini, na kuamini kwamba halikubadilishwa.

Kitu kilichoko kwenye intaneti kimesambazwa tu. Tovuti hufungwa ada isipolipwa. Akaunti hufutwa. Anwani hubadilika. Tunaposema "iko kwenye mtandao, haiwezi kupotea," tunakosea.

Yeremia na hati mbili

Watu wa Biblia walilijua jambo hili. Katika Yeremia sura ya 32, mji wa Yerusalemu ukiwa umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii ananunua shamba huko Anathothi. Hati ya ununuzi inaandikwa mbele ya mashahidi, nayo iko katika nakala mbili: moja imetiwa muhuri, nyingine iko wazi. Kisha Baruku anaagizwa aziweke zote katika chombo cha udongo ili zidumu kwa muda mrefu.

Wahifadhi wa maktaba za leo hufanya vivyo hivyo. Wana nakala ya hifadhi, isiyoguswa, na nakala ya matumizi, ambayo wasomaji huisoma. Wana mashahidi, yaani taarifa zinazothibitisha kwamba hati ni ya kweli. Wana chombo kilichochaguliwa kwa kudumu kwake. Na tukisonga mbele hadi sura ya 36, tunamwona mfalme Yehoyakimu akikata gombo na kulitupa motoni kipande kwa kipande. Neno halikupotea kwa sababu Yeremia alikuwa hai, na Baruku alikuwapo kuliandika upya. Sisi hatutakuwapo sikuzote.

Kwa nini jambo hili ni letu

Wakati wa wamisionari, karatasi nyingi za makanisa ya Afrika Mashariki na Kongo zilitumwa ng'ambo. Kumbukumbu za Church Missionary Society zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Zile za misheni ya vyuo vikuu, UMCA, ziko Oxford. Kanisa la Muungano la Methodisti lina kituo chake cha kumbukumbu katika Chuo Kikuu cha Drew, mjini Madison, Marekani. Gazeti la Kiswahili la UMCA lililoitwa Msimulizi, lililoanza Zanzibar mwaka 1888, wanahistoria wanalisoma hadi leo, kwa sababu kuna maktaba zilizolitunza.

Hali yetu ya sasa ni tofauti. Kanisa la Kristo katika Kongo, linalounganisha jumuiya za Kiprotestanti za nchi yetu, lilichukua sura yake ya umoja mwaka 1970. Dayosisi ya Anglikana ya Kindu ilianza mwaka 1997, na mwaka 2016 askofu wake, Zacharie Masimango Katanda, alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Kongo. Tangu mwaka 2012 Kindu ni makao ya askofu wa Methodisti wa Kongo Mashariki. Maana yake ni kwamba barua, maamuzi na mafundisho sasa yanaandikwa hapa hapa, na watu wetu, kwa Kiswahili na Kifaransa. Hakuna tena mmisionari wa kutuma ripoti ya kila mwaka kwa meli. Tusipohifadhi sisi, mtafiti wa kesho atapata habari nyingi za mwaka 1930 kuliko za mwaka 2020. Miaka ya vita, wakimbizi waliopokelewa na makanisa, wachungaji waliobaki na kondoo wao, maridhiano ya vijiji baada ya damu kumwagika: haya yote yatabaki kimya.

Maniema inajua gharama ya ukimya. Habari za eneo letu katika karne ya 19, za Nyangwe na Kasongo, tunazisoma kwa sehemu kubwa kutoka kwa wasafiri wa Ulaya na kutoka kwa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode aliyachapisha mjini Berlin mwaka 1902 na 1903, katika jarida la chuo lililotunzwa na maktaba. Ndiyo maana sauti ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa inasikika hadi leo. Sauti za waliofungwa kamba hatuna, isipokuwa chache sana.

Mfano kutoka Lubumbashi

Kuna mfano mwingine wa Kongo unaotupa moyo. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kundi la watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani lilitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili, iliyoandikwa na André Yav. Ilipigwa chapa na kurudufiwa kwa nakala chache. Ingeweza kupotea kwa urahisi, lakini nakala moja ilimfikia mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyeichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Baadaye maandishi hayo yaliingia katika hifadhi ya kidijitali ya Kiswahili cha watu wa kawaida, iliyojengwa na Fabian na Vincent de Rooij katika Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Tunajifunza mambo matatu hapo. Kwanza, maandishi ya watu wasio na cheo yana thamani, na Kiswahili chao hakikusahihishwa ili kifanane na cha vitabuni. Pili, hifadhi ile haikuweka maandishi matupu. Kila kimoja kina utangulizi unaoeleza kilitoka wapi, nani alikiandika na kilipatikanaje. Tatu, hata hifadhi ya chuo kikuu cha Ulaya imebadilisha anwani yake ya intaneti zaidi ya mara moja. Aliyeandika anwani tu katika kitabu chake amebaki na mlango uliofungwa. Aliyeandika jina kamili la chapisho, mwandishi na mwaka bado anaweza kulitafuta na kulipata.

Baada ya kuona sababu, tuangalie kazi yenyewe. Tumeigawa katika hatua nane.

1. Chagua kinachostahili kubaki

Si kila kitu kinahifadhiwa. Tangazo la kuhamisha saa ya ibada halihitaji miaka mia. Yanayostahili ni haya: majarida na barua za habari, barua za kichungaji, maazimio ya sinodi na mikutano mikuu, historia za parokia na vituo vya zamani kama Tunda, mafundisho yaliyoandikwa, nyimbo zilizotungwa hapa pamoja na majina ya watunzi, na picha zenye maelezo.

Kuna pia yasiyopaswa kutoka ofisini: siri za maungamo na mashauri, orodha za wagonjwa, majina ya watoto, na zaidi ya yote habari za wanawake na wasichana waliotendewa ukatili wakati wa vita. Jina la mtu wa namna hiyo likiingia katika hifadhi ya wazi, hakuna awezaye kulirudisha. Likisomwa na jirani yake, madhara yanaanza upya. Ushuhuda unaweza kuhifadhiwa bila jina, au ukafungwa kwa miaka mingi kwa mapatano na maktaba.

2. Weka toleo moja la mwisho

Katika kompyuta nyingi za ofisi utakuta mafaili matatu: "ripoti", "ripoti mwisho" na "ripoti mwisho kabisa". Baada ya miaka mitano hakuna ajuaye lipi lilipitishwa na mkutano. Kabla ya kuhifadhi, kamati iamue toleo lililo halali, na mengine yaondolewe au yawekwe pembeni kwa jina la rasimu.

Jina la faili liwe na tarehe kuanzia mwaka, lisiwe na nafasi wala herufi zenye alama za Kifaransa, na lijieleze. Kwa mfano: 2025-04_jarida_toleo-12_sw.pdf. Ukianza na mwaka, mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati.

3. Tumia muundo unaodumu

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa. Lakini PDF ya kawaida inaweza kutegemea vitu vilivyo nje yake, kwa mfano aina ya herufi iliyoko kwenye kompyuta yako tu. Ikifunguliwa kwingine, maneno huvurugika. Kwa sababu hiyo mwaka 2005 kilitolewa kiwango maalumu cha hifadhi kinachoitwa PDF/A, chini ya namba ISO 19005. Faili la PDF/A hubeba herufi zake zote ndani, halifungwi kwa nywila, wala halitegemei kitu cha nje ili lisomeke.

Kutengeneza PDF/A ni kazi ya dakika moja. Programu ya LibreOffice, inayopatikana bure na kufanya kazi bila intaneti, ina chaguo la PDF/A katika dirisha la kuhamisha faili kama PDF. Microsoft Word pia ina chaguo hilo. Programu ya bure iitwayo veraPDF inaweza kupima kama faili limetimiza kiwango. Hili ni muhimu zaidi kwa wanaoandika Kilega au lugha nyingine za Maniema kwa alama za toni, maana alama hizo ndizo za kwanza kupotea. Pamoja na PDF/A, tunza faili la asili ulilotumia kuandika, ili siku moja liweze kuhaririwa.

Kwa picha, chukua faili lililotoka katika kamera au simu yenyewe. WhatsApp hupunguza ubora wa picha inapoituma. Ikibidi kuitumia, tuma picha kama hati, si kama picha. Kwa sauti za mahubiri na nyimbo, rekodi ya hifadhi iwe WAV ikiwezekana, na MP3 iwe ya kusikiliza. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp uhamishwe mapema kwenye kompyuta na kupewa jina, maana ndani ya simu hauna jina linaloeleweka.

4. Andika utambulisho

Chapisho lisilo na utambulisho ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni: anaonekana, lakini hakuna ajuaye kwao. Maktaba nyingi hutumia orodha iitwayo Dublin Core, iliyoanza mwaka 1995, yenye vipengele 15. Kwa parokia, tunashauri vipengele tisa viandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa chapisho na pia katika daftari au jedwali la ofisi:

– jina la chapisho na namba ya toleo
– mwandishi au mhariri
– mchapishaji, yaani parokia, dayosisi au jumuiya, kwa jina lake kamili bila kifupisho
– mahali na tarehe
– lugha
– muhtasari wa mistari miwili au mitatu
– watu na mahali panapotajwa
– muundo wa faili na idadi ya kurasa
– haki na ruhusa

Kuhusu lugha, kiwango cha kimataifa kina alama "sw" kwa Kiswahili kwa ujumla na "swc" kwa Kiswahili cha Kongo. Tusione haya kutumia hiyo ya pili pale maandishi yalipo katika lugha ya nyumbani. Kuhusu picha, andika majina ya watu kutoka kushoto kwenda kulia wakati wazee wanaowatambua bado wako nasi. Hakuna programu itakayofanya kazi hiyo baada yao.

Jarida linalotoka kwa mfululizo linaweza kuombewa ISSN, namba ya tarakimu nane inayotolewa chini ya kituo cha kimataifa kilichoko Paris. Kitabu hupewa ISBN, ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13. Jarida likitoka kwa karatasi na pia kidijitali, kila umbo lina ISSN yake.

5. Pata ruhusa

Maktaba haiwezi kunakili na kuonyesha kazi ya mtu bila kibali. Mwandishi wa historia ya parokia, mtunzi wa wimbo na mpiga picha watie sahihi karatasi fupi inayosema wanairuhusu kanisa kuhifadhi kazi yao na kuitoa kwa wasomaji. Nyimbo zilizotafsiriwa kutoka vitabu vya ng'ambo zinaweza kuwa na mwenyewe. Usizitoe kama mali ya kwaya. Ndani ya chapisho andika wazi kama wasomaji wanaruhusiwa kunakili, kwa mfano kwa kutumia leseni za Creative Commons. Hata faili lililotayarishwa vizuri linaweza kukataliwa kwa kukosa mstari huo mmoja.

6. Tia muhuri

Muhuri wa Yeremia ulizuia hati isibadilishwe. Katika kompyuta kuna kitu kinachofanana nao. Programu husoma faili lote na kutoa alama ndefu ya herufi na tarakimu. Kwa njia inayoitwa SHA-256 alama hiyo ina herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata koma moja, alama inakuwa nyingine kabisa. Windows na Linux zina uwezo huo ndani yake bila kununua chochote. Andika alama ya kila faili katika orodha, na uiweke orodha hiyo pamoja na mafaili. Mwaka ujao ukipima tena na kupata alama ile ile, unajua faili halijaharibika. Ikiwa tofauti, unachukua nakala nyingine iliyo nzima. Muhuri hautasema nani alibadilisha, lakini utasema kwamba limebadilika.

7. Gawa nakala

Kanuni inayofuatwa na wengi ni hii: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Tarehe 17 Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo iliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Goma. Ofisi iliyokuwa na nakala tatu katika kabati moja ingepoteza zote tatu kwa siku moja. Na tusidhani kwamba maktaba kubwa haziguswi: mwezi wa Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, iliyoko London, ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi zilisimama kwa miezi. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mpango wa LOCKSS, ambao jina lake linatangaza imani yake: nakala nyingi hulinda.

Kwa Kindu tunapendekeza hivi. Nakala ya kwanza ikae kwenye diski katika ofisi ya kanisa, mahali pakavu. Ya pili ivuke mto. Kama ofisi iko Kasuku au Mikelenge, nakala ikae Alunguli, katika parokia yenye kabati la kufungwa. Ya tatu itoke nje ya mkoa kabisa, kwenye maktaba au hifadhi tutakazozitaja. Flashi ni chombo cha kubebea, si cha kuhifadhia. Ikikaa miaka bila kutumiwa inaweza kupoteza yaliyomo. Kila mwaka, mafaili yafunguliwe na muhuri upimwe. Diski zibadilishwe kabla hazijafa, si baada.

8. Kabidhi kwa maktaba

Mlango wa kwanza ni wa taifa. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 1974 kuhusu amana ya lazima ya machapisho, na Maktaba ya Taifa iko Kinshasa. Chapisho lililotoka pia kwa karatasi lipelekwe huko, pamoja na faili lake.

Mlango wa pili ni wa vyuo vikuu. Hapa mjini kuna Chuo Kikuu cha Kindu. Upande wa Kiprotestanti kuna ULPGL ya Goma, Chuo Kikuu cha Shalom cha Bunia, na Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Kinshasa. Andikeni barua kabla ya kutuma, mkieleza mna nini, kiasi gani, na kwa ruhusa gani.

Mlango wa tatu ni wa vituo vya kumbukumbu vya makanisa yetu duniani, kama kile cha Methodisti huko Madison. Wasifu wa wainjilisti na wamama wa imani unaweza kupelekwa kwenye Kamusi ya Wasifu wa Wakristo wa Afrika, kazi iliyoanza mwaka 1995 na inayosomwa bure kwenye intaneti.

Mlango wa nne ni Internet Archive, shirika lisilo la faida lililoanzishwa San Francisco mwaka 1996. Hupokea mafaili ya hadharani, na mashine yake ya kurasa za zamani, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, huhifadhi ukurasa wa tovuti ukiipa anwani. Haiwezi kuingia ndani ya kundi la WhatsApp. Yaliyomo humo yatoke kwa mikono yetu au yasitoke.

Jarida la kitheolojia la chuo linalotumia programu ya OJS lina njia ya ziada. Wenye programu hiyo wana mtandao wa hifadhi unaotumia LOCKSS, usio na malipo, kwa majarida yenye ISSN.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote

Tumetaja moto, maji na wahalifu. Katika maisha ya kawaida ya kanisa, hata hivyo, hatari iliyo karibu zaidi ni uhamisho. Mchungaji anahamishwa, naye anaondoka na kompyuta, kwa kuwa ni yake. Katibu anaolewa Kisangani, na nywila inaondoka naye. Hakuna aliyetenda dhambi, lakini miaka sita ya parokia imepanda pikipiki na kwenda.

Kwa hiyo hifadhi ikabidhiwe kwa cheo, si kwa mtu. Kamati iandike katika kumbukumbu zake nani ana wajibu huu na nani ni msaidizi wake. Akaunti zifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, na nywila iandikwe katika bahasha iliyofungwa inayokaa na mhasibu. Makabidhiano ya ofisi yasihesabu viti, ngoma na vitabu vya sakramenti tu. Yahesabu pia diski na orodha ya mafaili, na wote wawili watie sahihi.

Tuanzie wapi

Parokia isiyo na kitu ianze na kimoja. Mwezi huu chagueni chapisho moja lenye uzito, labda historia ya parokia yenu au barua ya mwisho ya askofu. Lipeni jina sahihi, ligeuzeni kuwa PDF/A, liandikieni utambulisho, lipimeni muhuri, litengenezeeni nakala tatu, na andikeni barua kwa maktaba moja. Mwezi ujao chukueni la pili. Baada ya mwaka mtakuwa na machapisho kumi na mawili na mtu anayeijua kazi.

Tunapowazika wazee wetu waliouona mwaka 1964 na vita vilivyofuata, tunasema maktaba imefungwa. Wengine bado wako nasi, na simu za kuwarekodi tunazo mifukoni. Yeremia hakungoja majeshi yaondoke ndipo atafute chombo cha udongo. Aliandika hati huku mji ukiwa bado umezingirwa, kwa sababu aliamini kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile.

Bwana awape uaminifu katika kazi hii ndogo.